Jiwe la Kioo Lilifikaje Mara?

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi upande wa Mara, Kaunti ya Narok, ameniandikia kwamba baada ya mvua za masika wanafunzi wake waliokota, mahali maji yalipochimba udongo, vipande vyeusi vinavyong'aa kama chupa na vyenye makali ya kukata kidole. Wazee wa pale wamemhakikishia kuwa jiwe la namna hiyo halipatikani katika vilima vyao. Anauliza limetoka wapi, nani alilibeba na kwa njia gani kabla ya gari na barabara, na kama lilinunuliwa, basi lilinunuliwa kwa kitu gani.

Mwalimu, nakushukuru kwa swali hili, na nakuomba uwafikishie wanafunzi wako pongezi zangu, kwa maana wameona kwa macho yao jambo lililowachukua wataalamu miaka mingi kulithibitisha. Kwa jinsi ulivyoyaeleza, mawe hayo ni obsidiani, yaani kioo cha volkano. Lava yenye silika nyingi inapopoa upesi mno, fuwele hazipati muda wa kujijenga, na kinachobaki ni jiwe lisilo na chembe, ambalo likipigwa mahali panapofaa hupasuka kwa mkunjo laini kama ndani ya kombe la chaza. Ukingo wake huwa mwembamba kuliko ule wa wembe wa chuma. Kwa mtu anayechuna ng'ombe, anayekata ngozi au kunyoa nywele, hapakuwa na jiwe lililolishinda, ingawa lina udhaifu wake: ukingo mwembamba hupukutika haraka, na anayelitegemea hana budi kupata jingine kila mara. Udhaifu huo ni muhimu kwa swali lako, kwa sababu mahitaji yasiyokoma ndiyo yanayojenga safari zisizokoma.

Asili ya obsidiani ya Kenya kwa sehemu kubwa iko katika Bonde la Ufa, hasa kuzunguka Ziwa Naivasha: Mlima Eburru upande wa kaskazini-magharibi wa ziwa, kreta ya Sonachi, Olkaria, Longonot na maeneo ya jirani. Kila mlipuko ulitoka kwenye mchanganyiko wake wa miamba iliyoyeyuka, kwa hiyo kila mtiririko wa lava una kadiri yake ya chuma, titani, zirkoni, rubidi na elementi nyingine. Hiyo ndiyo alama ya jiwe, na haibadiliki hata likibebwa mpaka ufuoni mwa ziwa jingine. Wataalamu wawili, Harry Merrick na Frank Brown, walitembea katika Bonde la Ufa kukusanya sampuli za miamba, wakazipima kwa vifaa vya maabara, na mwaka 1984 wakachapisha ulinganisho wao na vipande vilivyochimbuliwa katika makazi ya kale. Siku hizi kipimo cha eksirei cha kushikwa mkononi kinaweza kusoma kipande kimoja kwa dakika chache bila kukivunja, lakini msingi wa kazi ni ule ule: hupimwa mlima, hupimwa zana, kisha vipimo huwekwa sambamba.

Niseme neno moja kuhusu zama, kwa sababu vitabu vya shule huweza kuchanganya. Katika nchi nyingi, Zama Mpya za Mawe huhusishwa na kilimo na vijiji. Kwetu Afrika Mashariki zilikuwa zama za wafugaji: watu wenye ng'ombe, mbuzi na kondoo waliofika eneo la Ziwa Turkana takriban miaka 5,000 iliyopita, wakateremka polepole hadi kusini mwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania, ambako makazi yao yalienea kuanzia miaka ipatayo 3,000 iliyopita. Walifinyanga vyungu, wakachonga mabakuli ya mawe, na visu vyao viliendelea kuwa vya mawe mpaka chuma kilipoenea zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kusafirisha obsidiani hawakukuanza wao. Huko Olorgesailie, Kajiado, watu wa miaka zaidi ya 300,000 iliyopita walikuwa tayari wanatumia obsidiani iliyotoka umbali wa kilomita 25 hadi 50, na katika pango la Mumba, karibu na Ziwa Eyasi nchini Tanzania, vimepatikana vipande vichache vya Zama za Kati za Mawe vilivyotoka eneo la Naivasha, zaidi ya kilomita 300. Ila vile vilikuwa vichache. Wafugaji ndio waliolifanya jiwe hilo litiririke kwa wingi na kwa utaratibu, kiasi kwamba jamii nzima zilizoishi mbali na mlima zikalitumia kila siku.

Sasa nije kwenu. Mwanaakiolojia Peter Robertshaw alichimba katika eneo la Lemek na Mara miaka ya 1980, na makazi yanayojulikana zaidi miongoni mwa aliyoyachimba ni Ngamuriak, boma la wafugaji wa miaka ipatayo 2,000 iliyopita. Pale, karibu zana zote za kuchongwa ni za obsidiani, na obsidiani hiyo karibu yote imetoka mahali pamoja: sehemu za juu za Mlima Eburru, kiasi cha kilomita 110 kwa mstari ulionyooka, ng'ambo ya milima ya Mau. Ukienda magharibi zaidi mpaka Gogo Falls, Migori, karibu na Ziwa Victoria, unakuta jiwe hilo hilo la Eburru, na hapo umekwisha vuka kilomita 200. Makazi haya yote ni ya utamaduni unaoitwa wa Elmenteita, kwa jina la ziwa lililo karibu na mahali ulipotambuliwa kwanza.

Hapa ndipo jambo linapokuwa tamu, na naomba unisome taratibu. Wakati huo huo palikuwa na wafugaji wengine, ambao wataalamu huwaita Wafugaji wa Savana, walioishi Bonde la Ufa, nyanda za Athi mpaka Lukenya, na kushuka hadi Serengeti. Hao nao walitumia obsidiani, lakini kwa kawaida hawakuitoa juu ya Eburru. Yao ilikuwa ya kijivu, kutoka machimbo ya bondeni karibu na Ziwa Naivasha, ilhali ya watu wa Elmenteita, ukiinua kibanzi chake chembamba kwenye mwanga, huwa na rangi ya kijani kama chupa ya zamani. Machimbo haya mawili yako karibu, mwendo wa siku moja au pungufu. Mtu aliyekwenda kutafuta jiwe zuri tu angechukua lililo jirani na njia yake. Hata hivyo kwa zaidi ya miaka elfu moja makundi haya mawili, yaliyochunga katika eneo moja la nchi na kuonana bila shaka, yaliendelea kila moja na jiwe lake.

Je, walikuwa makabila mawili yenye asili tofauti? Mwaka 2019 ulichapishwa uchunguzi wa DNA ya kale ya watu 41 kutoka Kenya na Tanzania, na wale waliozikwa kwa desturi ya Elmenteita hawakuonekana kuwa na nasaba tofauti na Wafugaji wa Savana. Damu ilikuwa moja. Kilichotofautiana kilikuwa vyungu vyao, namna ya kuzika, namna ya kuchonga, na jiwe. Kwa maoni yangu, hili ndilo jibu la msingi kwa swali lako: jiwe la wanafunzi wako lilisafiri kwa kufuata watu waliotambuana kama jamaa, na umbali ulikuja nyuma ya ujamaa huo.

Tuangalie sasa lilivyobebwa. Machimbo ya Eburru yamechunguzwa kwa karibu na Steven Goldstein na John Munyiri, ambao mwaka 2017 walieleza matokeo ya kazi yao kwenye eneo linalojulikana kwa alama ya GsJj50. Ni mlimani, katika mlima ambao kilele chake kinapita mita 2,800, na ardhi imejaa taka za kazi: vibanzi, vipande vilivyoshindikana, magamba ya nje ya jiwe. Mtu aliyefika pale hakuchukua bonge zima akaondoka nalo. Alilijaribu kwa kulipiga, akaondoa ganda lililochakaa na sehemu zenye nyufa, akaliunda liwe kiini chenye umbo la kutoa nyembe ndefu, na mara nyingine akazitoa nyembe zenyewe hapo hapo. Uzito usio na faida ulibaki mlimani.

Kufanya hivyo kulikuwa na hesabu nzuri. Chukua wembe wa obsidiani wenye urefu wa sentimita 8, upana wa sentimita 2.5 na unene wa nusu sentimita katikati, ukipungua kuelekea kingo. Kwa kuwa sentimita moja ya ujazo ya obsidiani ina uzito wa gramu 2.4 hivi, wembe huo una uzito wa gramu 12. Mzigo wa kilo 10, ambao kijana wa kufuga anaubeba begani bila kulalamika, ni nyembe zaidi ya 800. Kutoka Eburru mpaka kwenu, kwa mwendo wa kilomita 25 kwa siku, ni siku tano au sita ukihesabu mizunguko ya njia na mwinuko wa Mau. Punda alikuwa amekwisha fugwa barani Afrika maelfu ya miaka kabla ya hapo, kwa hiyo mnyama wa mizigo hakuwa kitu kigeni, lakini hesabu hii inaonyesha kwamba hata bila punda, watu wawili au watatu wangeweza kuliletea boma lao akiba ya muda mrefu kwa safari moja.

Ugumu wa safari haukuwa uzito, ulikuwa kugongana. Nyembe za kioo zikitikisika pamoja mfukoni kwa siku tano hufika zimepukutika kingo na hazina thamani tena. Anayebeba viini badala ya nyembe huepuka hasara hiyo, kwa kuwa kiini ni bonge nene na makali yake mapya bado yamo ndani, na anayebeba nyembe lazima azifunge kwa ngozi au nyasi. Ngozi na nyasi huoza ardhini, lakini ufundi wenyewe umeacha alama katika mawe yenyewe. Fundi wa Elmenteita, kabla ya kupiga kiini, aliusaga na kuusawazisha ukingo wake kwa jiwe la kukwaruza ili usivunjike vibaya. Ukikishika kibanzi chao na kupitisha ukucha karibu na mahali kilipopigwa, unahisi mikwaruzo hiyo. Baadaye wembe mrefu ulikatwa vipande, na kila kipande kikawa na kazi yake, hiki cha kukwangua ngozi, kile cha kutia kwenye mpini. Katika makazi ya mbali viini hutumiwa mpaka vinakuwa vidogo kama kokwa, vikawekwa juu ya jiwe na kupondwa kutoka juu ili vitoe kibanzi cha mwisho. Hapo unaona wazi kwamba jiwe lilikuwa na thamani.

Kuhusu nani alisafiri, pana njia tatu ambazo wanaakiolojia huzitofautisha. Ya kwanza ni kwamba kila familia ilikwenda yenyewe, pengine ilipohamisha mifugo. Ya pili ni jiwe kupita mkono kwa mkono, boma kwa boma, bila mtu mmoja kufika mwisho wa safari. Ya tatu ni wabebaji maalumu. Njia ya pili ndiyo iliyopata umaarufu katika masomo ya Mashariki ya Kati, ambako Colin Renfrew na wenzake J. R. Cann na J. E. Dixon, katika miaka ya 1960, walipima obsidiani ya Uturuki na kuonyesha kwamba ndani ya kilomita zipatazo 300 kutoka chanzo, obsidiani hufikia asilimia 80 au zaidi ya zana, kisha hupungua kwa kasi kadiri unavyokwenda mbali, mpaka huko Yeriko inakuwa vipande vichache tu. Kila kijiji kilichukua sehemu yake, kikapitisha kilichobaki.

Mchoro huo hauelezi vizuri hali ya Elmenteita. Ukitoka Bonde la Ufa kwenda Mara, wingi wa obsidiani hauporomoki namna ambayo kanuni ya mkono kwa mkono ingetabiri, na chanzo hakichanganyiki. Kama jiwe lingepita tu mikononi mwa majirani wowote, obsidiani ya kijivu ingeingia humo humo kwa wingi, kwa sababu wenye jiwe la kijivu walikuwa njiani. Zaidi ya hayo, kule Eburru hakuna dalili kwamba kundi moja lilijenga makazi makubwa ya kulinda machimbo na kuwatoza wengine. Taka zilizoko zinaonyesha ziara fupi za watu waliokuja, wakafanya kazi, wakaondoka. Mlima wenyewe unasaidia kueleza hilo, kwa sababu hauna mito ya kudumu, na mpaka leo wakazi wa Eburru hukinga maji yanayotoneshwa na mvuke unaotoka ardhini. Mwenye kundi la ng'ombe wenye kiu hawezi kukaa huko muda mrefu. Naona kwa hiyo kwamba tunaongea juu ya safari zilizopangwa, za watu wachache, waliokwenda kwa niaba ya jamaa zao na kugawa walichopata walipopita katika maboma ya ndugu njiani.

Je, kugawa huko ni kununua? Neno hilo linatupeleka kwenye soko, mizani na bei, na hakuna soko la aina hiyo lililopatikana. Lakini hakuna jamii ya wafugaji inayogawa kitu bila kukumbuka. Wewe unaishi karibu na Wamaasai na unajua zaidi yangu maana ya osotua, uhusiano wa kupeana ambao jina lake ni lile la kitovu cha mtoto: anayeomba hupewa kwa kadiri ya shida yake, na hakuna anayehesabu deni. Simaanishi kwamba watu wa Elmenteita walikuwa Wamaasai, waliofika katika nchi hii baadaye sana. Namaanisha kwamba shida iliyozaa desturi hiyo, yaani ukame unaopiga hapa na kuacha kule, na ugonjwa unaomaliza ng'ombe wa boma moja na kuliruka jingine, iliwakabili wao pia. Mfugaji wa Mara aliyekuwa na jamaa upande wa Naivasha alikuwa na mahali pa kupeleka mitamba mwaka wa njaa. Safari ya kwenda kuchukua jiwe iliuweka uhusiano huo hai katika miaka ya shibe, na jiwe lililorudi lilikuwa ushahidi wake.

Vilivyokwenda upande wa pili vilikuwa, kwa sehemu kubwa, vitu visivyodumu ardhini. Mbuzi huliwa, maziwa hunywewa, asali huisha, ngozi huoza, binti anayeolewa huzaa na kuwa wa kwao. Lakini mara moja moja ardhi hutunza. Katika Pango la Mto Njoro, lililochimbwa na Mary na Louis Leakey mwaka 1938, watu wa Elmenteita waliwachoma maiti wao, na moto ule uliogeuza vitu kuwa makaa ndio uliovihifadhi: kibuyu, chombo cha mbao kilichonakshiwa, nyuzi zilizosukwa, pamoja na mabakuli ya mawe, shanga nyingi za mawe na nyembe za obsidiani. Ukitazama vitu hivyo pamoja, unaona kwamba jiwe la kioo lilikuwa uzi mmoja katika kitambaa kipana cha mali iliyotembea, na bahati yetu ni kwamba uzi huo hauozi. Wawindaji wa misitu ya Mau nao hawakuwa nje ya mzunguko huu. Katika pango la Enkapune ya Muto, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, tabaka za wawindaji waliokuwa wakichonga obsidiani kwa maelfu ya miaka zinaanza kuonyesha mifupa ya kondoo na mbuzi wachache, kabla wafugaji hawajaenea katika eneo hilo.

Sasa vipande vyenu. Kama bado viko mlipoviona, msichimbe. Piga picha kila kipande kikiwa chini, pamoja na rula au kalamu ya kuonyesha ukubwa, na uandike mahali kwa kutumia simu yako. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inamtaka anayegundua vitu vya kale atoe taarifa, na Makumbusho ya Taifa ya Kenya ndiyo wa kuwaarifu. Vile ambavyo watoto wamekwisha kuviokota usivioshe kwa brashi ngumu, na funga kila kimoja katika karatasi yake, kwa sababu vikiwekwa pamoja kwenye kopo vitagongana na kupukutika. Kisha, asubuhi moja yenye jua, kabla hujavifunga, waite wanafunzi wakishike kimoja kwenye ukingo mnene na kukiinua dhidi ya mwanga. Rangi peke yake haitoshi kutoa hukumu, kipimo cha maabara ndicho kitakachosema neno la mwisho, lakini wakiona ukijani wa chupa kwenye sehemu nyembamba, waelekeze upande wa kaskazini-mashariki, ng'ambo ya Mau, uwaambie siku ni tano au sita kwa miguu.